Ngagi Ana Wasemaji, Kiboko Hana

Ukitembea Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, huwezi kumkwepa ngagi. Yuko kwenye vibao vya hoteli, kwenye fulana, kwenye kuta za maduka ya simu, kwenye nembo za mashirika ambayo hata kazi yake haijulikani. Sokwe huyo mkubwa wa milimani tumemfanya sura ya mji. Lakini wakusanye wauza mitumba wa Birere uwaulize nani kati yao amewahi kumwona kwa macho, watakucheka. Kabla vita havijafunga njia, kibali cha kumwona upande wetu wa hifadhi ya Virunga kilikuwa dola 400, na kukaa naye ni saa moja, basi. Kwa pesa hiyo mama wa Ndosho analipa kodi, karo na makala, yaani makaa, ya kupikia, na bado anabaki na kitu cha kuanzishia biashara ya unga.

Simtakii ngagi mabaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika safu nzima ya milima ya Virunga, yaani Kongo, Rwanda na Uganda pamoja, walikuwa wamebaki takriban 250. Hesabu ya 2015 na 2016 ikapata 604 katika milima ileile. Ukiongeza na wale wa msitu wa Bwindi kule Uganda, jumla ikafika 1,063, na mwaka 2018 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likamshusha daraja moja kwenye orodha ya viumbe walio karibu kutoweka. Niambie kitu kingine gani kimeongezeka hapa kwetu tangu vita vilipoanza, ukiacha vizuizi vya barabarani. Na haikuja bure. Walinzi wa parke zaidi ya 200 wameuawa tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1925. Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa watu 17 kwa siku moja, 12 kati yao wakiwa walinzi. Hao ni watoto wa Rutshuru, Lubero na Masisi, wana mama zao na wajane wao, na majina yao hayaandikwi kwenye fulana.

Ninacholalamikia ni kingine. Tumezoea kumthamini mnyama kwa jicho la anayekuja kumtazama. Mwenye sura inayofanana na yetu, mwenye macho ya huruma, anayebeba mtoto mgongoni, huyo hupata daktari wake, wafadhili wake na hata tanzia kwenye magazeti ya Ulaya. Ngagi yatima Ndakasi alipokufa Septemba 2021, akiwa amelala mikononi mwa mlinzi André Bauma aliyemlea tangu akiwa kichanga, dunia nzima ililia naye. Uchungu wa yule bwana ulikuwa wa kweli, na ni mtu wa ajabu atakayeutania. Ila Mei ya mwaka huohuo volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka, lava ikala vijiji vya chini yake hadi ukingoni mwa mji, mamia ya maelfu wakakimbilia Sake, Minova na Gisenyi na magodoro vichwani. Kufika Septemba waliokuwa bado wanalala chini ya maturubai hawakuwa habari tena. Watu wa Goma waliliona hilo, na hawajalisahau. Ukitaka kujua kwa nini kijana wa Majengo akisikia neno parke anakunja uso, anzia hapo.

Sasa nikupeleke kaskazini, ndani ya parke hiyohiyo, mahali ambapo wapiga picha hawaendi sana.

Ziwa Edward, zaidi ya theluthi mbili yake iko upande wa Kongo. Pwani yake ina vijiji vitatu vya wavuvi vinavyotambuliwa na sheria: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Katika miaka ya 1970 ziwa hilo na mito inayoliingia, Rutshuru na Ishasha, ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000, kundi kubwa kuliko yote yaliyojulikana duniani wakati ule. Hakuna aliyevuka bahari kuja kuwapiga busu. Kiboko ni mbaya wa sura, ana hasira, anapindua mitumbwi, anaua watu kila mwaka, na shamba la mahindi akilipitia usiku asubuhi unakuta uwanja wa mpira. Hata mwenyeji wa Vitshumbi hatakwambia anampenda.

Lakini fuatilia siku yake. Jua likizama anatoka majini, anapanda nchi kavu, anakula majani takriban kilo 40 kwa usiku mmoja. Kabla hakujapambazuka anarudi ziwani, na mchana kutwa kazi yake ni kulala na kunya. Ndiyo, kunya, mhariri atanisamehe. Anachokiacha majini kinalisha vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na vimea hivyo ndivyo tilapia anavyokula. Maelfu ya wanyama walikuwa wanabeba rutuba ya mbuga kila usiku na kuishusha ziwani, bila mradi, bila semina, bila posho. Kisha mvuvi wa Kyavinyonge anatupa wavu, anavuta tilapia wa kiganja na nusu, na lori linapanda na samaki hadi Butembo, hadi Goma.

Vita vya miaka ya 1990 vilipofika, kila aliyekuwa na bunduki alipiga hesabu upesi. Mwanajeshi asiyelipwa na mwanamgambo anayelala vichakani waliona kitu kimoja: mnyama wa zaidi ya tani moja, asiyekimbia mbali, mwenye meno yanayouzwa kama pembe za ndovu. Risasi chache na kambi nzima inakula wiki. Kufika mwaka 2006 walikuwa wamebaki mamia tu. Kutoka 20,000! Kama ngagi wangepungua kwa kiasi hicho katika muda huohuo, nina hakika Baraza la Usalama lingeitisha kikao. Kwa kiboko zilitoka habari chache, picha ya mizoga ikielea, halafu kimya.

Samaki nao wakapungua. Wavuvi wa zamani wa Vitshumbi wanakuelezea bila kusita: viboko waliisha, na tilapia wakaondoka nao. Wapo wataalamu wanaokubaliana nao, na wapo wanaosema kiboko anapewa sifa zisizokuwa zake zote. Hao wa pili wana hoja. Mitumbwi isiyo na kibali iliongezeka, nyavu za matundu madogo zikakokota hadi mayai, kambi haramu za uvuvi zikaota ufukweni, na kila kundi lenye silaha likatoza kodi yake kwa mvuvi, naye ili aipate kodi hiyo akavua zaidi. Ukweli ninaouona mimi ni kwamba kisa ni kimoja. Bunduki iliyomuua kiboko ndiyo iliyomruhusu mwenye wavu wa magendo, na mara nyingi pesa za vyote viwili ziliishia kwenye mfuko mmoja. Anayetaka kutenganisha asilimia ya kiboko na asilimia ya wavu aendelee, ni kazi ya maana. Ila kwa mama anayesubiri samaki Goma jibu halibadiliki: masoko yetu leo yana tilapia wa barafu aliyetoka China. Mkoa wenye Ziwa Edward na Ziwa Kivu unakula samaki aliyepanda meli.

Taratibu, viboko walianza kurudi. Walinzi walisimamia, na idadi ikapanda hadi kama 1,200. Halafu Aprili 2025 mizoga ikaanza tena kuelea mtoni Ishasha, safari hii si kwa risasi. Ilikuwa kimeta, ugonjwa uleule unaoua ng'ombe na unaoweza kumwingia mtu anayegusa au kula nyama ya mzoga. Walikufa angalau 50, pamoja na nyati. Mizoga ikachukuliwa na maji kuelekea ziwani, na kuifikia ili izikwe ilikuwa shida, maana eneo lenyewe ni la vita. Watu wakaambiwa wasiguse nyama ya porini na wachemshe maji. Fikiria tangazo hilo linavyosikika kijijini ambako hakuna daktari wa mifugo na mtu hajala nyama tangu Krismasi. Hapo ndipo utakapoelewa kwamba afya ya kiboko ni jambo la zahanati ya Nyakakoma.

Nimesikia wakisema mtu wa Kivu hana mapenzi na wanyama, kwamba kwake mnyama ni nyama tu. Maneno ya vikao vya hotelini. Shuka ufukwe wa Kituku hapa Goma jioni uangalie Ziwa Kivu. Utaona mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma kama sharubu za panzi, taa zimetundikwa, wavu umening'inia katikati, na wavuvi wanapiga kasia kwa wimbo. Wanamfuata sambaza, samaki mdogo kama dagaa. Usiku sambaza anapanda kufuata mwanga, wavu unainuliwa kutoka chini, na alfajiri mama zetu wako ufukweni na mabeseni, wanabishana bei huku samaki bado anarukaruka. Mtoto wa Goma ambaye hajalelewa na sambaza, bugali na sombe ya majani ya muhogo ni mgeni.

Samaki huyo hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa na Wabelgiji kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu maji ya katikati ya Ziwa Kivu yalikuwa matupu, hayana samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Alipokelewa vizuri kupita kiasi: kati ya vijidudu hivyo, aina kubwa waliokuwa wanono walimalizwa kabisa. Ziwa tunaloliita la Mungu lilishatiwa mkono wa mtu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na mkono huo umetulisha vizazi vitatu. Ndiyo maana nawashangaa wanaozungumzia maumbile kana kwamba kuna upande mmoja pori safi na upande mwingine watu wachafu, na kazi ya sheria ni kuweka uzio katikati.

Na angalia wavuvi hao wanavyomchukulia sambaza. Wanajua mwezi ukiwa mpevu hakuna kazi, kwa sababu taa zao hazimdanganyi mtu. Wanajua ni wapi anazaa, karibu na ufukwe. Wanajua kaningini, ule wavu wa matundu ya chandarua unaokokotwa pembeni na kuzoa watoto, unaharibu kesho yao, na ukikaa nao watakutajia nani anautumia na ofisi gani inamfumbia macho. Upande wa Rwanda ziwa hufungwa miezi miwili kila mwaka samaki wapumzike. Upande wetu kufunga huko kunategemea nani ana mamlaka wiki hiyo na ana njaa kiasi gani. Tatizo letu basi haliko kwenye mapenzi. Maarifa yapo na nia ipo kwa wengi; kinachokosekana ni mtu wa kumshtakia mwenye kaningini akasikilizwa, bila wewe uliyeshtaki kulala ndani.

Makala nayo yana kisa kama hicho, ila hapa pesa ni nyingi zaidi. Gunia linashuka mjini juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, limefunikwa majani mdomoni na kufungwa kamba, kijana amepiga goti moja juu ya ubao na kandambili ya mguu mwingine ndiyo breki. Makala mengi ya Goma yametoka ndani ya Virunga kwa miaka yote niliyoishi hapa. Julai 2007 ngagi kadhaa wa familia ya Rugendo, pamoja na dume lao Senkwekwe, walipigwa risasi na kuachwa palepale, bila kukatwa nyama. Uchunguzi ulielekea kwenye biashara ya makala: mwenye kuuza msitu alitaka kuwatisha wanaoulinda. Ndakasi yule aliokolewa mwaka huohuo, alikutwa na miezi miwili akiwa ameng'ang'ania maiti ya mama yake.

Mtu aliyefaidika na gunia lile si kijana wa chukudu wala mama mwenye mbabula, jiko lake la makala. Mama huyo ukimwambia aache makala atakuuliza apikie nini, na ni swali zuri. Kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilipojaa watu waliokimbia vita, hadi zilipovunjwa Februari 2025, wanawake waliingia msituni kutafuta kuni wakijua wanaweza kubakwa, na waliingia kwa sababu maharage hayaivi kwa hotuba. Parke ilipojenga kituo cha umeme cha Matebe, megawati 13 na ushei, kilichoanza kazi mwaka 2015, ilikuwa imejibu swali la mama kwa nusu. Nyumba zimewaka taa, vinu vya unga vinasaga, mashine za kuchomelea zinalia. Lakini kuwasha taa na kuivisha maharage kwa umeme ni gharama mbili tofauti kabisa, na kwa nyumba nyingi za Goma ya pili bado haiwezekani. Hapo ndipo ningependa fedha za ngagi zielekee kwanza: jiko la umeme na bei ya umeme ambayo mama ataona ni nafuu kuliko gunia. Msitu utapona kwa hesabu hiyo haraka kuliko kwa kuongeza bunduki.

Hata hivyo sitaki kuwapamba watu. Kule Kahuzi-Biega, jirani na Bukavu, Wambuti, au Batwa kama wengi wanavyowaita, walifukuzwa kwenye msitu wao baada ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1970, bila fidia, bila ardhi, wakageuzwa vibarua kwenye mashamba ya wengine. Oktoba 2018 baadhi yao wakachoka na ahadi, wakarudi ndani kwa nguvu. Damu ikamwagika pande zote mbili. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba walidhulumiwa, na sikuona cha kubishia. Ila pia baada ya kurudi kwao miti mingi ilikatwa upande wa Kalehe, na wafanyabiashara wa makala na mbao waliwatumia baadhi yao kama mlango. Watetezi wa Batwa hawapendi kulisema la pili, watetezi wa msitu hawapendi kulisema la kwanza. Yote mawili yametokea. Mtu uliyemnyang'anya msitu kwa miaka karibu 50 humrudishii siku moja akiwa na njaa, hana hati, na mnunuzi wa makala anamsubiri barabarani na dola mkononi, halafu ukashangaa.

Januari 2025 Kinshasa ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 540,000, karibu sawa na Ufaransa. Rais Tshisekedi akaunadi kwenye kongamano la uchumi la Davos mbele ya matajiri. Siku chache baadaye waasi wa M23 wakaingia Goma. Ramani ile ilikuwa na rangi nzuri sana ya kijani juu ya barabara ambazo serikali yenyewe haikuweza kuzipita. Mipango ya namna hii hupangwa kwa jicho lilelile la mtazamaji: eneo ni kubwa kiasi gani, kaboni ni tani ngapi, mfadhili ataonyeshwa nini. Huoni popote palipoandikwa sambaza wangapi, tilapia wangapi, gunia la makala litashuka hadi bei gani.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba ngagi ndiye aliyeleta fedha zilizojenga Matebe, kwamba bila sura yake hakuna ambaye angetazama Virunga, na kwamba kiboko mwenyewe amelindwa na walinzi walewale wanaolipwa kwa ajili ya ngagi. Ni kweli, na ndiyo maana simwambii mtu amwache ngagi. Ila hoja hiyo ina ufa. Tangu 2020, kwanza kwa korona, kisha kwa vita, watalii wamekuwa adimu, na mnyama anayelindwa kwa pesa ya mtazamaji anabaki mkononi mwa wafadhili wa mbali pindi mtazamaji akikosa kuja. Kiboko na tilapia wana wateja ambao hawajawahi kuahirisha safari: ni sisi, mara mbili kwa siku. Mvuvi wa Vitshumbi akiona wavu wake unarudi mzito mwaka hadi mwaka, huhitaji kumshawishi amlinde mnyama anayemchukia.

Kuna kazi ambazo hazisubiri amani kamili. Idadi ya viboko wa Ishasha na Rutshuru itangazwe kila mwaka redioni kwa Kiswahili, kama zinavyotangazwa kuzaliwa kwa ngagi. Kila kijiji cha wavuvi kiwe na mtu aliyefunzwa kutambua kimeta na namba ya kupiga akiona mzoga. Samaki wanaoshuka Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge wapimwe kwa mizani, na hesabu ibandikwe hadharani ufukweni, ili wavuvi na wakubwa wabishane juu ya kitu kimoja. Mitumbwi yenye kibali iandikwe namba ubavuni kwa rangi inayoonekana. Na yeyote anayeshika mamlaka upande huu, leo au kesho, aulizwe waziwazi anachukua kiasi gani kwa kila mtumbwi.